Nilizunguka Ziwa Nikitafuta Maziwa

Kwenye gati ya Kendu Bay nilishuka kutoka melini nikiwa nimebeba kikapu kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa hauinuki tena. Nilikuwa nimevaa gauni ya rangi ya samawati, ile nzuri ya kanisani, nilitaka nifike hospitali nikiwa mtu. Abiria walikuwa wanasukumana na magunia yao. Chini ya ngazi alikaa mama mzee akiuza ndizi. Akaniangalia kifuani, akatabasamu kama mtu aliyemwona binti yake.

"Nyathina," akaniambia, mtoto wangu, "mdogo umemwacha wapi? Maziwa yanamwagika."

Nikaangalia chini. Gauni ilikuwa imelowa upande wa kushoto mpaka kiunoni. Wamama wengine wakaanza kutafuta mtoto, mmoja akapanda tena ngazi ya meli akiuliza nani ameacha mtoto mchanga huko ndani. Mtoto wangu wa mwisho wakati huo alikuwa darasa la tatu. Na kilichokuwa kikimwagika hakikuwa maziwa. Kilikuwa kizito, rangi ya chai iliyolala, na harufu yake yule mama mzee aliisikia kabla sijafungua mdomo. Tabasamu likaondoka. Akavuta ndizi zake karibu naye.

Huko ndiko safari yangu ilinifikisha. Sasa nirudi nyuma niwaeleze nilivyofika, kituo kwa kituo, pamoja na majina ya walionisindikiza, maana wengine wao bado wanakula samaki na kulala vizuri. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hivyo asiyependa mwandiko wangu anaweza kuacha hapa.

Kisumu, soko la Kibuye. Mwanzo wa miaka ya tisini nilikuwa nauza pale sidiria za mitumba. Nilikuwa nazitundika kwenye kamba, zile kubwa za wanawake wa Ulaya mbele, nyingine ungeweza kubebea maboga mawili mpaka Kondele. Wateja walipenda kunichokoza. "Mama Akinyi, hii inakaaje mtu akivaa? Hebu vaa tuone." Halafu wanaangalia kifua changu na kucheka, na mimi nacheka, kwa sababu anayecheka hununua. Nilikuwa nimenyonyesha watoto watatu na kifua changu kilikuwa kimebaki kama mifuko ya suruali iliyotolewa nje.

Mume wangu Barnaba alikuwa karani kule bandarini. Jumapili moja alileta wageni, nikawapikia kuku. Katikati ya chakula akawaambia, "Mke wangu kuuza sidiria ni kama askari kulinda benki. Vya ndani si vyake." Wageni walicheka mpaka mmoja akajimwagia supu. Mimi ndiye nilimletea kitambaa cha kujipangusa. Watoto waliomaliza hayo maziwa walikuwa wake, wanamwita baba hapo hapo mezani, lakini hakuna mgeni aliyeuliza yalienda wapi.

Hiyo ndiyo sababu ya safari. Msitafute nyingine kubwa zaidi.

Kondele, saluni ya Perez. Kesho yake nilikwenda kusukwa, nikamweleza. Perez alikuwa rafiki yangu na kifua chake kilikuwa kama meza, ungeweza kuweka kikombe. Akaniambia, "Mama Akinyi, siku hizi mtu habaki alivyozaliwa. Nywele tunanyoosha, ngozi tunang'arisha. Kifua ndicho kikushinde?"

"Wewe ulifanya nini?"

"Mimi nilidungwa sindano tu. Kuna daktari Katito anaitwa Zablon, ana dawa ya maziwa. Imeandikwa mpaka mlangoni." Akalijaza neno hilo mdomoni kama nyama. "Lakini usikimbilie sindano. Anza na vidogo."

Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele akapiga kelele, maana alikuwa hajisikii, "Kwetu tulitumia wadudu wa mtoni. Bure kabisa."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Mwingine akasema kuna krimu, mwenye duka la Maseno anauza. Mwingine akasema wakubwa wa Nairobi wanawekewa mifuko ndani, kama mto unavyojazwa pamba. Walizungumza kama watu wanaochagua kitambaa cha sare. Mimi nilikuwa nasikiliza na kupanga: nianze na kile kisichouma, na nikishindwa ndiyo nipande. Hiyo ilionekana akili.

Sondu. Nilifika kabla ya saa sita kwa basi la Kisii, nikashukia darajani. Dada ya baba yangu, Waya Rusalia, alikuwa ameolewa upande wa huku wa mto. Kwetu shangazi wa kwa baba ni Waya, na Waya hukuambia ukweli hata kama hukuuomba. Nilimkuta anapepeta wimbi. Nilipomaliza kueleza hakuacha kupepeta.

"Wale wadudu ni wa wasichana," akasema. "Msichana kifua chake bado kimelala, mdudu anauma, kinaamka. Chako hakijalala. Kimestaafu."

"Waya, tujaribu tu."

"Tujaribu? Mimi nang'atwa wapi?"

Lakini alinipeleka. Pembeni ya mto, mahali maji yametulia nyuma ya mawe, kuna wadudu weusi wanaong'aa, wanazungukazunguka juu ya maji kama walevi wanaotafuta mlango. Kila msichana wa huko anawajua. Unamshika mmoja kwa vidole, unamweka kwenye chuchu, anauma, unamrudisha majini. Wasichana waliokuwa wakifua nguo waliacha kufua. Mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, na wewe unaota maziwa?" Wenzake wakajitupa kwenye nguo zao za sabuni kwa kicheko.

Mdudu aliuma. Niliona nyota mchana. Kufika nyumbani kwa Waya kifua kilikuwa kimevimba kweli, na kwa saa chache nilikuwa na umbo. Waya akanizunguka akiniangalia. "Basi rudi kwa mumeo haraka akuone kabla hayajashuka."

Nilipofika Ahero, njiani kurudi Kisumu, yalikuwa yameshashuka. Sina neno baya juu ya wadudu wa Sondu. Hawakuvaa koti jeupe na hawakuniahidi kitu.

Maseno. Juma lililofuata mvua ilikuwa imeanza. Karibu na lango la chuo kulikuwa na duka la mtu anaitwa Silvano, anauzia wanafunzi sabuni, madaftari, na nyuma ya pazia vitu vya kina mama. Alivaa tai kubwa na saa mbili, moja ya kila mkono. Akanionyesha krimu yenye picha ya mwanamke mweupe anayejishangaa mwenyewe. Akanionyesha pia kikombe cha plastiki chenye bomba la mpira: unafunika ziwa, unabonyeza mpira, hewa inatoka, nyama inavutwa.

Binti mmoja mwanafunzi alikuwa ananunua kalamu. Nikamwomba anisomee maandishi ya krimu. Akaigeuza geuza. "Mama, hii lugha hata mimi siijui."

"Dawa nzuri haisomeki," Silvano akasema. "Ungesoma ungewaambia wengine, ingekwisha dukani."

Nikanunua vyote viwili. Krimu ilichoma mpaka ngozi ikaanza kubanduka kama ya viazi vilivyochemka. Kile kikombe kiliniachia mduara mweusi kila upande. Barnaba aliuona nilipokuwa navaa. "Umelaliwa na sufuria?" akauliza, akaendelea kufunga viatu vyake. Nilirudi Maseno kumtafuta Silvano, nikakuta duka linauza mbolea na mwenyewe amehamia Busia, wanafunzi wakaniambia. Silvano namtaja hapa ili ajulikane, lakini ngozi ilipona. Yeye ni mwizi wa kawaida.

Kisumu tena, kwa daktari wa kweli. Hapo ndipo watu hushangaa nikiwaambia. Kabla ya Katito nilipitia kwa daktari aliyesoma, Daktari Meshak, kliniki yake ilikuwa ghorofani mjini, kapeti mpaka kwenye ngazi. Nilioga, nikavaa vizuri, nikangoja asubuhi nzima. Nikamwuliza habari ya mifuko ya Nairobi.

Alieleza vizuri, sitamnyima hiyo. Wanapasua chini ya ziwa, wanaingiza mfuko laini. Kuna mfuko wa jeli na kuna mfuko wa maji ya chumvi. Wa jeli ukishikwa unafanana na nyama ya mtu, lakini ukipasuka ndani huenda usijue. Wa maji ukipasuka unajua mara moja, ziwa linalala. Huko Ulaya na Amerika, akasema, wanawake wameanza kugombana na wenye viwanda juu ya ile ya jeli. Na yote miwili haikai milele.

"Inabadilishwa?" nikauliza.

"Kama tairi." Akacheka, akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Lakini mama, haya si mambo yako. Haya ni ya wake za mawaziri. Wewe nenda nyumbani ukae na watoto."

"Na sindano je, daktari?"

"Sindano gani?"

"Ya kuongeza. Wanadunga hapa hapa kifuani."

Akaangalia saa yake. "Watu wanadungwa kila kitu siku hizi," akasema, halafu akamwambia karani wake, "Anayefuata."

Daktari Meshak, hilo ndilo deni lako. Ulikuwa na neno moja. "Usidungwe." Ni neno fupi kuliko "anayefuata." Ulinieleza juu ya mifuko nisiyoweza kuipata, ukanyamaza juu ya sindano niliyokuwa naiendea, na mimi niliposhuka zile ngazi za kapeti nilijiambia, kama ingekuwa mbaya angesema.

Katito. Ilikuwa siku ya soko. Pale njia ya Kendu Bay inapoachana na ya Kisii kulikuwa na safu ya vyumba vya mabati, na mlango mmoja wa kijani uliandikwa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: DAWA YA MAZIWA. Mimi si msomaji mkubwa lakini hayo niliyasoma kabla basi halijasimama. Nikasema Perez hakudanganya.

Ndani kulikuwa na benchi na wazee wawili wamekaa, mmoja ameshika kamba mkononi bila kitu kilichofungwa. Zablon alikuwa mnene, anang'aa, na kalamu tatu mfukoni. Juu alivaa koti jeupe. Chini alivaa mabuti ya mpira yenye matope. Siku hizi nikitaka kumjua mtu ninaanzia miguuni.

"Karibu mama. Shida ni nini?"

"Maziwa, daktari."

"Yamepungua?"

"Yameisha kabisa."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto wa mwisho."

"Ndivyo huwa. Unataka yaongezeke?"

"Ndiyo. Nimetumwa na Perez wa Kondele."

"Simjui Perez." Nami nikadhani anaficha siri za wagonjwa, nikamheshimu zaidi. Akachukua sindano, akaiangalia kwenye mwanga. "Haya, yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenye maziwa."

"Ni mimi," nikasema.

Yule mzee wa kamba alikohoa. Zablon alinitazama, akatazama mlango wake, na nikaona kabisa jambo likimwingia kichwani, kama mtu anayeona noti barabarani na kuangalia kama kuna mwingine aliyeiona. Alikuwa mtu wa ng'ombe. Alikuwa amefanya kazi kwenye josho la kuogeshea mifugo kabla hajafukuzwa, hilo nilikuja kulijua baadaye. Dawa yake ilikuwa ya ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, walioacha kutoa maziwa. Mimi nilisema maziwa nikiwa na maana ya kifua, yeye alisema maziwa akiwa na maana ya ndoo. Mpaka hapo hakuna mwenye kosa. Hapo angesema, mama, umepotea, nenda zako. Tungecheka, na hata wale wazee wangecheka.

Akasema, "Hakuna shida. Dawa ni ile ile."

Akawatoa wazee nje. Hakuchukua chupa kwenye rafu zilipokuwa dawa zenye karatasi. Aliinama, akatoa chupa ya kahawia chini ya meza, karatasi yake imebanduliwa, imebaki gundi tu. Kilichokuwa ndani kilikuwa kizito, kilipanda kwenye sindano polepole kama asali ya baridi. Alinidunga kushoto kwanza, halafu kulia, na kila alipochomoa alikanda kwa viganja kama mtu wa chapati.

"Inaitwaje hii?" nikauliza. Nilikuwa nalia lakini niliuliza.

"Dawa ya maziwa. Si umesoma mlangoni?"

Nilikwenda kwake tena mara kadhaa, na kila mara ilikuwa chupa ile ile ya chini ya meza.

Kisumu, miezi ya furaha. Nitasema ukweli, kwa sababu wanaohubiri huruka hapa na ndiyo maana hawasikilizwi. Nilipendeza. Kibuye wateja waliacha kucheka, wakaanza kununua. Nilivaa mwenyewe zile sidiria za mbele. Barnaba alianza kurudi nyumbani mapema na kuniita jina langu la usichana. Kanisani wamama walisogea kunipa nafasi kama mtu aliyebeba tarumbeta. Perez alinisifu mbele ya wateja wake, akisema ni yeye aliyenifungulia njia.

Kisha joto likaanza. Kwanza ziwa la kushoto usiku, halafu mchana. Halafu vijiwe, ukibonyeza unasikia kama kokoto kwenye unga. Ngozi ikawa nyekundu, ikang'aa, ikawa zambarau. Barnaba alinigusa mara moja, akatoa mkono. "Hii ni nini? Ni ubao?" Akahamia kitanda cha watoto. Perez akaniambia nikande kwa maji ya chumvi. Nilikanda mpaka chumvi ya nyumba ikaisha.

Kwenda hospitali za Kisumu niliona aibu. Kila muuguzi wa mji ule alikuwa amenunua sidiria kwangu. Ndiyo nikapanda meli kuvuka ghuba, kwenda hospitali ya ng'ambo ambako hakuna anayenijua, na ndiyo nikashukia kwa yule mama wa ndizi niliyewaambia.

Hospitali upande wa Kendu Bay. Muuguzi alinilaza, akakata gauni kwa mkasi. Aliuliza nilidungwa nini.

"Dawa ya maziwa."

"Ulikuwa hutoi maziwa ya kutosha? Mtoto ana miezi mingapi?"

"Hakuna mtoto, sista. Ni ya kuongeza ziwa."

"Kuongeza ili?"

Nikageuza uso ukutani.

Daktari alikuja, mtu wa maneno machache. Akasema la kushoto limeoza ndani, litaondoka. Juu ya la kulia alisita. "La kulia bado limetulia. Lakini kilichomo ni kile kile. Kama ni mafuta ya kula, kama ni mafuta ya mashine, kama ni dawa ya mifugo, kila kimoja kina njia yake. Nikijua ni nini nitajua nikufanyie nini. Nisipojua, nitakuwa nakisia ndani ya mwili wako." Akaniuliza kama kuna mwingine aliyedungwa chupa ile, ambaye anaweza kukumbuka jina lake.

Nikasema yuko, Perez. Nikamtumia salamu kwa watu wa meli. Barnaba naye nilimtumia. Barnaba alirudisha salamu. Perez alikuja mwenyewe, na mkate.

Wakati huo la kushoto lilikuwa limeshakatwa. Perez alikaa ukingoni mwa kitanda akiangalia bandeji.

"Perez, daktari anataka jina. Wewe Zablon alikudunga ya chupa gani?"

Akaanza kuukata ule mkate.

"Perez. Ni kwa ajili ya hili lililobaki."

Akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa sponji. Sponji ya godoro, imekatwa mviringo, kingo zimechongwa kwa wembe. Akaiweka juu ya shuka langu. Akatoa na ya pili.

"Sijawahi kuingia kwa Zablon," akasema. "Niliona ule mlango nikiwa kwa basi, nikienda Kisii. Nilisoma tu, na jina lake nililisikia kwa abiria."

"Ukasema ulidungwa."

"Ningesema nini mbele ya wateja, ati ni godoro?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifunika uso na blanketi, sijui alikuwa analia au anacheka. Perez alilia. Aliondoka amesahau zile sponji, na kifua bapa kama changu cha zamani, na mimi nikamwangalia akitoka mlangoni nikaona kwamba alikuwa anapendeza vilevile.

Katito, njia ya kurudi. Waliponiruhusu, la kulia likiwa limeachwa vivyo hivyo, sikurudi kwa meli. Nilichukua njia ya nchi kavu kwa makusudi, nikashukia kwenye mlango wa kijani. Maandishi yalikuwa yale yale. Zablon alikuwa nje na wakulima, anawaonyesha namna ya kumfunga ng'ombe miguu.

Nikasema, "Daktari, sikuja kugombana. Nataka jina la ile dawa."

"Dawa gani mama?"

"Uliyonidunga. Ya chini ya meza."

Akawageukia wakulima. "Mnamsikia huyu? Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nani hapa amewahi kuniona nikidunga mtu?"

"Ilikuwa nini ndani ya ile chupa?"

"Mama, nimetibu ng'ombe wa Nyakach yote," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza."

Wakacheka. Yule mzee wa kamba alikuwepo, nikamwona. Aliangalia chini. Hakucheka lakini pia hakusema alichosikia siku ile, na wewe mzee, kama bado u hai, nimekuandika hapa.

Nilikwenda kwa naibu wa chifu. Alinisikiliza, akijikuna sikio kwa kiberiti. "Wewe ulisema maziwa, yeye akasema maziwa. Nimshtaki nani sasa, Kiswahili?" Karani wake alilazimika kutoka nje acheke vizuri. Naibu mwenyewe alifurahishwa sana na maneno yake, na nimeambiwa huyarudia kwenye arusi.

Kisumu, kufika nyumbani. Barnaba alikuwa ameleta mwanamke mwingine na kusema ni binamu. Nilichukua watoto na kamba yangu ya sidiria. Kibuye nilirudi, bado niko, ila nauza nguo za watoto. Wasichana huja kunong'ona nami, maana habari zangu zinajulikana. Kila mmoja anauliza lile lile: Mama Akinyi, kati ya zote, ipi afadhali? Siku hizi kuna vidonge pia, na kuna wanaosema ile mifuko ya Nairobi imekuwa bora. Nawaambia nilichojifunza kwa miguu yangu. Mdudu atakuuma aondoke. Krimu itakuchoma, na mwenye duka atahama. Mfuko una mwenyewe, una jina, na ukipasuka kuna wa kuulizwa, kwa hivyo uliza kabla hujapasuliwa. Sponji unaivua ukilala. Lakini kitu kisicho na jina kisiingie mwilini mwako, hata kama kimeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kama nyumba. Wengine husikia. Wengine naona wanavyoniangalia, wanafikiri mimi nilikuwa mjinga tu na wao wana akili.

Sasa nina neno na mtu mmoja.

Zablon wa Katito. Nasikia siku hizi unaitwa Mheshimiwa, una gari, na mlango wa kijani umeufanya duka la madawa lenye vioo. Sitaki uniombe radhi, ningeiweka wapi. La kushoto sikudai tena. Lakini mwaka huu la kulia limeanza kuwa gumu, na joto limeanza. Daktari wa ng'ambo, yule wa Kendu Bay, amezeeka na bado ananiuliza swali moja, na jibu liko kichwani mwako wewe peke yako. Kwa hivyo sema. Ilikuwa chupa ya nini? Kama ina jina, litaje. Kama haina, sema ulichanganya nini na nini, hata kama ni grisi ya baiskeli, sema, mimi sitashangaa. Siku ya soko ijayo nitakuwa mbele ya hivyo vioo vyako, na wanawake wa Kibuye watakuwa nyuma yangu. Hao si ng'ombe, Zablon. Watauliza, nawe utawajibu.